Habari za Lord Delamere na Baraza la Tukuyu

Wenye elimu wa zamani hawakuandika sira za watu wema peke yao. Waliandika na habari za wafalme wenye kibri na matajiri waliojiona, kwani mtu huijua njia kwa kuwatazama waliofika, na huijua vile vile kwa kuwatazama waliopotea. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akiona katika kijitabu hiki habari za mtu asiyekuwa Mwislamu, wala mkazi wa pwani. Mambo aliyoyataka yaliwagusa watu wote wa nchi hizi, na mengine yangali yanawagusa hata leo. Mtu huyo ni Hugh Cholmondeley, aliyejulikana kwa jina la cheo cha ukoo wake, Lord Delamere.

Wala msomaji asidhani kuwa ataletewa habari za mtu aliyewachukia watu weusi. Lau ingalikuwa hivyo, habari zake zingalikuwa fupi na nyepesi, maana chuki hujulikana upesi na watu hujihadhari nayo. Mambo ya Delamere ni magumu kuliko hayo.

Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870, katika nyumba ya mabwana wenye ardhi. Baba yake alikufa mwaka 1887, naye angali kijana wa miaka 17, akarithi cheo na mali pamoja. Hakuwa mtu wa vitabu. Alipenda farasi na kuwinda. Mwaka 1891 alivuka bahari akaja nchi ya Wasomali kuwinda simba, na alipokwisha kuionja nchi ile akawa harudi kwao ila kwa kujiandaa kuja tena.

Katika safari ya mwaka 1894 simba alimrukia akamwangusha na kumjeruhi vibaya. Alikuwako pamoja naye mchukua bunduki wake, Msomali, jina lake Abdullah Ashur. Mtu yule hakukimbia. Alimrukia simba, na katika kitambo kile bwana wake akapata kuishika tena bunduki yake, akaokoka. Delamere alichechemea maisha yake yote kwa sababu ya simba yule, na tangu siku ile akawastahi sana Wasomali, akawa nao katika safari zake. Basi na ikumbukwe katika yote yatakayofuata kuwa uhai wa mtu huyu, baada ya kudra ya Mwenyezi Mungu, ulipita mikononi mwa Mwafrika Mwislamu.

Husimuliwa habari nyingine ya safari zile, ndogo kwa kuitazama. Inasemekana kuwa Delamere aliwaajiri wawindaji wawili, mmoja Msomali na mmoja Mwingereza ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Black, maana yake mweusi. Ili watu wasichanganyikiwe, Msomali akaitwa mwindaji mweusi, na yule Black akaitwa mwindaji mweupe; na jina hilo la mwindaji mweupe likaenea Afrika ya Mashariki yote likawa jina la kazi. Kama kisa hiki ni cha kweli, basi wawili waliofanya kazi moja hawakutengwa kwa ustadi wao wala kwa majina waliyopewa na wazazi wao, bali kwa ngozi, na hapakuwa na aliyekusudia tusi. Ilikuwa ni njia nyepesi tu ya kusema.

Mwisho wa mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya ngamia kutoka pwani ya Wasomali kupitia kusini ya Uhabeshi na jangwani, Delamere alitokea katika nyanda za juu za Kenya. Aliona majani mabichi, maji na hewa ya baridi, wala hakuona watu wengi. Hapo ndipo ilipoingia moyoni mwake fikra ya kuwa nchi ile ni tupu. Haikuwa tupu. Miaka michache nyuma sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa Wamasai, ndui ikawamaliza watu, na waliobaki walikuwa wametawanyika kutafuta riziki. Mgeni aliyeingia katika nyumba ya wafiwa akaikuta kimya hakustahili kusema kuwa haina mwenyewe.

Alioa mwaka 1899, akamchukua mkewe, Florence Cole, kuja kukaa Kenya. Mwaka 1903 serikali ilimpa ardhi ya ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Kondoo aliowaleta kutoka ng'ambo wakafa kwa wingi. Ngano aliyoipanda ikashikwa na kutu. Mali aliyorithi ikapungua mwaka kwa mwaka, naye hakuacha. Baadaye akapata shamba jingine kubwa, Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Katika haya haifai kumnyima mtu haki yake: alikuwa na subira na bidii, na ngano iliyoota Kenya baada yake ilitokana na hasara zake.

Alikaa katika kibanda cha udongo na majani, na mlango wake ulikuwa wazi kwa Wamasai. Alijifunza lugha yao, akawapa mifugo yake kuchunga, na walipomwibia ng'ombe alicheka kuliko alivyokasirika. Wazungu wenziwe walisema kuwa anawapenda mno. Lakini bonde lile lenye shamba la Soysambu ndilo bonde ambalo Wamasai waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904 ili Wazungu wapate nafasi, na mwaka 1911 wakaondolewa tena katika Laikipia walikokuwa wamepelekwa. Delamere aliwapenda watu, akakaa juu ya ardhi yao, na hakuona kuwa mambo hayo mawili yanagombana. Aliweza kulala chini ya paa moja na Mmasai, akala pamoja naye na kucheka naye. Lakini kukaa naye barazani, sauti ya huyu ihesabiwe kama sauti ya yule, ni jambo ambalo halikupata kumjia akilini. Upendo wake ulikuwa wa mtu kwa vilivyo vyake.

Iblisi alipokataa kusujudu hakusema kuwa Adamu ni mwovu. Alitaja asili tu, kuwa yeye ameumbwa kwa moto na mwenziwe kwa udongo, na kwake yeye hoja ikawa imekwisha.

Wazungu wa Kenya walimfanya Delamere kuwa mkubwa wao. Alikuwa kiongozi wa chama chao, akaketi katika baraza la kutunga sheria, na maliwali wa Kiingereza waliokuja Nairobi walimwogopa zaidi kuliko walivyowaogopa wakubwa wao wa London. Aliingia na farasi wake katika chumba cha kulia cha hoteli ya Norfolk, na watu wakaona ni mchezo wa bwana. Kwa wengine mambo hayakuwa mchezo. Mwaka 1911 shemeji yake, Galbraith Cole, alimpiga risasi akamwua Mwafrika aliyemdhania kuwa mwizi wa kondoo. Wazee wa baraza la hukumu, Wazungu wote, wakamwachilia, hata ikabidi serikali yenyewe imwondoe nchini. Baada ya vita vya kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni ndani ya mkebe wa chuma. Hoteli na vilabu vya Wazungu vilifungwa kwa Wahindi na Waafrika sawasawa. Skuli na hospitali zikagawanywa kwa rangi. Mtu mzima mwenye mke na wajukuu akaitwa boi, yaani mtoto, na akaitika.

Mwaka 1923 ikazuka fitina kubwa baina ya Wazungu wa Kenya na Wahindi waliotaka haki ya kuchagua wajumbe na kununua ardhi katika nyanda za juu. Wazungu kwa hesabu ya mwaka 1921 hawakufika 10,000, na Wahindi walizidi 22,000. Delamere alikwenda London na wenziwe kuwatetea Wazungu. Serikali ya Kiingereza ikatoa neno ambalo wote wawili hawakulitazamia: Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao ndiyo yatakayotangulia. Ni neno kubwa, na lilisomwa kwa furaha. Kisha likawekwa kabatini. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu, Wahindi wakapewa viti vitano juu ya kumi na kimoja vya Wazungu, na Mwafrika, mwenye nchi kwa neno hilo, akasemewa barazani na padre Mzungu.

Delamere, hata hivyo, aliliogopa neno lile lililoandikwa, akatazama kusini kutafuta nguvu. Hapo ndipo habari zake zinapofika Tukuyu.

Tukuyu ni mji mdogo juu ya vilima, chini ya mlima Rungwe ambao kimo chake ni mita zipatazo 2,960. Ni nchi ya mvua nyingi, migomba na ng'ombe. Wajerumani waliujenga mji huo wakauita Neu Langenburg, na katika vita, mwaka 1916, Waingereza wakauchukua. Wenyeji ni Wanyakyusa. Na kusini, ng'ambo ya mto Songwe, wako ndugu zao Wangonde, lugha yao karibu moja na asili yao moja. Mto ule ulifanywa mpaka wa dola, na ndugu wa huku na ndugu wa kule wakawa raia wa nchi mbili pasipo kuulizwa.

Kwa Delamere mahali pale palikuwa na fadhila mbili. Palikuwa njiani baina ya Nairobi na nchi za kusini, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini; na baridi yake ilimfaa Mzungu. Mwezi wa Oktoba 1925 akawaita huko wajumbe wa Wazungu wasiokuwa wa serikali kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na gharama kubwa akaibeba mwenyewe, ingawa deni lake lilikuwa linazidi kukua. Wakaja kwa motokaa katika njia ambazo nyingine hazikustahili kuitwa njia.

Alilolitaka ni hili: nchi zote za Waingereza kutoka Kenya mpaka kusini zifungamane, Wazungu zaidi waletwe kukaa, na Tanganyika, ambayo Waingereza waliipewa kuwa amana baada ya vita, isirudi kwa Wajerumani bali iingie katika mnyororo huo. Tanganyika wakati ule ilikuwa na Waafrika wapatao milioni 4. Wazungu wake hawakufika 5,000. Juu ya vilima vya Wanyakyusa wakakaa watu wachache wakiipanga nchi ya wengi, na hakuna Mnyakyusa aliyeitwa kusema, wala Mhindi, wala Mwarabu, wala mtu wa pwani. Haikuwa kwa ukali. Hawakuitwa kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwa waitwe, kama vile mtu anunuapo shamba asivyofikiri kuiuliza miti.

Mikutano mingine miwili ilifuata, mmoja Livingstone mwaka 1926 na mmoja Nairobi mwaka 1927. Lakini shauri halikwenda. Liwali mkuu wa Tanganyika, Donald Cameron, ambaye naye alifika mwaka huo huo wa 1925, alilipinga kwa nguvu. Mwaka 1929 watu wa Dar es Salaam, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaanzisha Chama cha Waafrika, katika siku ambazo maneno ya kuunganisha nchi hizi yalikuwa midomoni mwa watu. Na mwaka 1931 Waafrika watatu wa Tanganyika, Chifu Makwaia, Francis Lwamugira na Martin Kayamba mzaliwa wa Unguja, wakafika London mbele ya kamati ya wakubwa wa Kiingereza kutoa ushahidi, na wenzao wa Kenya na Uganda vile vile. Kamati ikaona kuwa nchi hizi zisiunganishwe. Walioachwa nje ya baraza la Tukuyu wakawa wamesikizwa katika baraza kubwa zaidi.

Delamere alikufa tarehe 13 Novemba mwaka huo huo wa 1931, mwenye miaka 61, akazikwa Soysambu. Ekari zake zilikuwa nyingi na madeni yake ya benki yalifika kadiri ya pauni 500,000. Mkewe wa kwanza alikuwa amekufa tangu 1914. Wazungu wa Kenya walimsimamishia sanamu ya shaba katikati ya Nairobi, na njia kubwa ya mji ikaitwa kwa jina lake. Shauri lake la kuunganisha lilifufuliwa mwaka 1953 ng'ambo ya Songwe, zilipofungamanishwa Nyasaland na Rhodesia mbili. Waafrika wa huko wakalikataa, likavunjika mwaka 1963. Mwaka huo huo wa 1963 Kenya ikapata uhuru. Sanamu ikang'olewa ikapelekwa shambani Soysambu, na njia ile ikaitwa kwa jina la Kenyatta. Kwa mtazamaji wa mambo ya dola, habari za Delamere zimekwisha hapo, na hakuna alilolitaka lililobaki.

Lakini lililobaki si lile lililoandikwa katika mashauri ya Tukuyu. Mwezi wa Oktoba 1961, ikisalia miezi miwili Tanganyika ipate uhuru, baraza la Dar es Salaam lilijadili nani atakuwa raia. Wajumbe kadhaa walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao, na katika waliosema kwa ukali alikuwako mjumbe wa nyanda za juu za kusini, upande huo huo wa Rungwe. Hoja yake ilikuwa kwamba wengi wa wasiokuwa Waafrika wangali wanawatendea Waafrika kama viumbe wa chini. Julius Nyerere aliwakatalia, akasema kuwa kupima uraia kwa rangi ni kufanya yale yale waliyofanyiwa, na kuwa serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Sheria ikapita kama alivyotaka. Nyerere alisema haki juu ya sheria. Na mjumbe yule, ingawa dawa yake ilikuwa mbaya, maradhi aliyoyataja yalikuwako.

Miezi mitatu baadaye, Januari 1962, Nelson Mandela aliyetoka Afrika ya Kusini kwa siri alishuka Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu. Alistaajabu kuona katika hoteli moja weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo asilolizoea kwao, akajiona kuwa mtu huru. Mlango wa hoteli ulikuwa umefunguliwa kweli, na haukufungwa tena. Ila leo hii katika miji mingi amesimama mlangoni hapo mlinzi ambaye ni mweusi mwenyewe. Akija Mzungu humpisha kwa salamu, na akija mweusi mwenziwe humwuliza anakwenda kwa nani. Mlinzi huyo hakupata kumsikia Delamere, na babu yake huenda alivaa kipande.

Kipande kilitupwa, na neno boi likabaki. Katika nyumba za Waafrika, na za Waislamu wa pwani zimo, mtu mzima mwenye watoto wake kijijini huitwa hausiboi au shambaboi, na mtoto wa nyumba humwita kwa jina lake tupu asimwamkie. Mabinti hujipaka mkorogo ili weupe wao uzidi, kwa sababu wamesikia tangu udogoni weupe ukitajwa pamoja na uzuri, na nywele za kipilipili zikitajwa kwa kicheko.

Na haitakuwa insafu kuwatupia Wazungu mzigo wote. Kabla ya Delamere kuona nyanda za juu, watu wa pwani walikuwa wameshamwita mtu wa bara mshenzi, na walimwita hivyo hata alipokuwa na ng'ombe wengi kuliko wao, na adabu. Mnyakyusa aliyeshuka kutoka Rungwe kwenda mijini ya pwani kutafuta kazi alikutana na neno hilo kwanza, kabla ya kukutana na Mzungu. Akisilimu, akasoma, akaswali safu ya mbele, neno hulala. Huamka siku anapopeleka posa. Hapo hufunguliwa vitabu vya fikihi mlango wa kafaa, na baba wa binti husoma kuwa nasaba imo, naye husema kweli, maana katika madhehebu ya Imamu Shafi'i imo. Asilolisoma ni kuwa hiyo ni haki ya mke na walii wake, nao wakiridhika huweza kuiacha, na ndoa ikasihi. Wala hakuna mlango wo wote wa fikihi ulioifanya nasaba kuwa ruhusa ya kumdharau Mwislamu. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hija yake ya kuaga aliwafundisha watu kuwa Mwarabu hamzidi asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe hamzidi mweusi, ila kwa ucha Mungu. Waliosikia walikuwa maelfu. Na bado posa nyingi hurudishwa kwa adabu kubwa, kwa kahawa na halua, pasipo mtu kutaja rangi wala kabila.

Tukuyu leo imezungukwa na mashamba ya chai na migomba, na watoto wa Rungwe wamekuwa wasomi, wabunge na mawaziri. Gari litokalo huko hushuka mpaka Uyole, kisha huingia Mbeya. Na humo mjini mna mtaa uitwao Uhindini na mtaa uitwao Uzunguni. Majina hayo yalitolewa siku zile ambapo kila rangi iliwekwa mahali pake. Abiria huyataja kila siku anapotaka kushuka, wala hakusudii ubaya wo wote.